Sauti Isiyoishiwa Pumzi

Juzi glasi za kabatini zilianza kugongana zenyewe. Nilikuwa sebuleni kwangu Njiro, miwani usoni, nikijifanya nasoma, na jambo la kwanza lililonijia ni tetemeko. Mtu anayeishi chini ya Mlima Meru, hata awe na shahada mbili ukutani, anajua kwamba mlima ule umenyamaza tu, haujafa. Jambo la pili lililonijia ni binti yangu. Amemaliza chuo na sasa anatengeneza muziki kwenye kompyuta, muziki usio na mwimbaji wala mpiga gitaa, na kwa masikio yangu usio na mwanzo wala mwisho, na wiki hiyo alikuwa ameazima spika yenye kimo cha mtoto wa darasa la pili. Nikainuka kwenda kumkaripia. Hotuba ilikuwa tayari kichwani, yenye majirani ndani yake, na wagonjwa, na bei ya glasi.

Hotuba haikufika. Kwenye korido, miguu mitupu juu ya vigae, nilisimama. Sauti nene, ya chini kabisa, ilikuwa inapanda kupitia nyayo, inapita magotini, inakuja kutulia chini ya kifua. Haikuwa wimbo. Ilikuwa noti moja tu, imeshikiliwa. Mlango wa chumba chake ukafunguka.

"Samahani mama, napunguza."

"Usipunguze."

Akanitazama kama mtu aliyesikia paka akisoma taarifa ya habari. "Mama, unalia?"

"Vumbi," nikamjibu. Nyumba ilikuwa imepigwa deki asubuhi ile.

Nilirudi sebuleni nikakaa. Sikujua nianzie wapi kumweleza kwamba sauti ile niliwahi kukutana nayo nikiwa mdogo kuliko spika yake, na kwamba kwa muda mrefu niliamini ni mlima unaosema.

Tulikaa kwa babu, upande wa magharibi wa Meru, juu ya Ngaramtoni, kwenye migomba na kahawa na ng'ombe wachache wenye majina. Baba yangu alikuwa na kazi Tanga, akija likizo kama mgeni. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya babu, na koko, yaani bibi yangu, na mama, na Baba mdogo Lomayani, aliyekuwa mwalimu wa kwaya ya usharika na bado hajaoa. Kwetu mtoto hamsemeshi mzee ovyo. Anamwendea, anainamisha kichwa, na mzee anaweka kiganja utosini. Kiganja cha babu kilikuwa kizito na kikavu, nami niliamini kwamba kinasoma. Siku nilizolamba sukari nilizunguka nyumba nzima kumkwepa.

Sisi ni Walutheri wa siku nyingi, lakini Waarusha wa siku nyingi zaidi. Mchungaji akishabariki jambo kanisani, watu walirudi nyumbani kwa babu libarikiwe tena, kama mtu anayefunga mlango kwa ufunguo halafu akaweka na komeo. Babu alisimama uani, kibuyu cha maziwa mkono mmoja na majani mabichi mkono wa pili, uso kaelekeza mlimani, akatamka maneno mafupi mafupi ya Kimaa. Mkae. Mzae. Mvua iwajue. Na kila neno likitoka, watu wote waliitikia kwa pamoja, kwa sauti ya chini, "Naai," ambalo ni jina la Mungu likiitwa kwa ufupi. Kuitikia kule hakukuwa pambo. Neno la mzee ni nusu, na Naai ni nusu ya pili. Mzee akisema na watu wasiitikie, hajabariki. Ameongea tu.

Halafu babu aliacha. Alikuja mtu na mtoto mchanga, babu akapunga mkono akasema anaumwa. Likaja suala la nyumba mpya ya jirani, akasema wazee wengine wapo. Akawa mkali, halafu akawa mkimya, halafu akawa vyote viwili, jambo ambalo ni kazi ngumu lakini aliliweza. Siku nzima alikaa kwenye benchi la mbao lililoegemezwa ukutani, nje ya nyumba, akiutazama mlima kama mtu anayesubiri basi. Mimi, niliyekuwa na maelezo ya kila kitu, niliamua kwamba amegombana na mlima na anasubiri umwombe radhi.

Wakubwa walikuwa na maelezo yao: ni kile kinanda.

Kinanda kilikuwa cha usharika, zawadi ya wageni, na kilikaa chumbani kwa Lomayani kwa sababu kanisani kulikuwa na mchwa. Kilikuwa cha umeme, cheusi, chepesi, chenye vitufe vingi kuliko nilivyowahi kuona mahali pamoja. Umeme hatukuwa nao, kwa hiyo kiliunganishwa na betri ya gari ambayo Lomayani aliipeleka Levolosi kuchajiwa na kuirudisha akiwa ameipakata kama mtoto. Jumapili ya kwanza kabisa, katikati ya wimbo wa toba, kidole chake kiliteleza kikagusa kitufe cha ngoma, na usharika mzima ukajikuta unatubu kwa mdundo wa dansi. Akina mama wa nyuma walianza kuyumba kabla hawajajikumbuka. Baraza la wazee lilikaa. Uamuzi ukawa kitufe kile kifunikwe kwa plasta ya kidonda, na kinanda kikaendelea kumtukuza Mungu kikiwa na plasta yake, kama mtu aliyetoka kupigana.

Basi watu wakasema: mzee amekasirika, mwanawe anayetakiwa kurithi mifugo anachezea mashine. Lomayani mwenyewe aliamini hivyo. Alipunguza kupiga nyumbani, na alipopiga alipiga kama mwizi. Lakini alikuwa na ugonjwa wa kutafuta, na ugonjwa huo hauponi kwa aibu. Alichukua mbao za kabati bovu la nguo akatengeneza sanduku la spika, kubwa hivi kwamba lilibidi likae nje ya chumba, limeegemea ukuta uleule wenye benchi la babu. Jioni moja akachagua sauti inayofanana na upepo wa mbali, akaweka kidole kwenye kibonyezo cha mwisho kushoto, akakiacha hapo.

Nilikuwa nimekaa chini ya meza ya kinanda, mahali pangu pa kawaida. Sikusikia kitu mwanzoni, nilihisi tu kwamba sakafu imeanza kufikiri. Mabati yakaanza kuimba kwa mbali. Vikombe vya bati rafuni vikasogeleana. Kwenye sufuria ya maji kando yangu duara dogo lilitokea katikati, likazaa jingine, na jingine, kana kwamba kuna mvua inayonyesha kutokea chini. Na mimi, kifuani, nilikuwa nikitetemeka kwa kasi ileile ya vikombe na mabati na maji. Nilitoka nje mbio. Nje mlima ulikuwa wazi wote, mweusi, mkubwa kuliko ilivyo haki, na ng'ombe wawili walikuwa wamenyanyua vichwa wakitazama hukohuko. Basi nikajua. Sauti haikuwa ya kinanda. Kinanda kilikuwa mlango tu. Sauti ilikaa mlimani, na Lomayani alikuwa amegundua mahali pa kubonyeza ili ifunguke.

Sikumwambia mtu. Kuna mambo mtoto anayajua kwa uzito kiasi kwamba kuyasema ni kuyamwaga.

Miaka mingi baadaye nikiwa chuo kikuu, mhadhiri alitueleza kwamba ule mchemko wa redio kati ya stesheni na stesheni, unaosikika kama uji unaotokota, sehemu yake ndogo imetoka mbali kuliko nyota zote, mabaki ya ulimwengu ulipokuwa mchanga. Alisema hayo huku akitafuta chaki mfukoni, kana kwamba anasoma ratiba ya treni. Nilitazama kulia na kushoto kuona kama kuna mwingine anayehitaji kushika meza. Niliandika insha ndefu kuhusu sauti, mwili na ulimwengu, yenye maneno makubwa niliyoyajua wiki ileile, ikarudi na swali moja la wino mwekundu: Umejuaje? Nilijua kwa nyayo, nikiwa chini ya meza, lakini hilo halikuwa na mahali pa kuandikwa kwenye orodha ya marejeo.

Turudi nyumbani. Lomayani alipata mchumba, Anna, mwalimu wa shule ya msingi, Mchaga wa Machame aliyezaliwa Kimandolu. Mambo yote yalikwenda, mpaka shangazi yake Anna alipokuja kunywa chai na kuuliza, kwa adabu ya mtu aliyeshanoa kisu, ni nani atakayebariki vijana nyumbani siku ya harusi.

"Mzee hajisikii vizuri," mama akasema.

"Pole yake. Amekuwa hajisikii vizuri tangu aliposikia ni Mchaga, au kabla?"

"Kabla, mama. Kabla kabisa."

"Sawa. Mimi nasema tu." Shangazi akageuza kikombe kwenye kisahani. "Binti yetu mwenyewe amesema, siyo mimi. Amesema mchungaji ni wa wote, lakini baba mkwe ni mmoja. Hataingia nyumba ambayo mwenye nyumba amemnyamazia. Harusi inaweza kusubiri. Hata kusubiri sana."

Alipoondoka, Lomayani alikwenda jikoni kwa koko. Mimi nilikuwa huko nikichambua maharage, na mtoto anayechambua maharage haonekani.

"Ananichukia kwa ajili ya kinanda?" akauliza. "Nitakirudisha kanisani kesho. Kiliwe na mchwa."

Koko aliendelea kukoroga. "Baba yako hajawahi kukisikia kinanda chako hata siku moja."

"Anakaa hapohapo ukutani, mama. Nyumba nzima inasikia."

"Nyumba inasikia. Yeye hasikii."

Mwiko ulisimama. Lomayani naye alisimama.

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza kukasirika." Koko akakaa kwenye kigoda. "Mara ya mwisho alibariki mtoto wa Metili. Akasema neno, akangoja Naai. Watu waliitikia, mimi nilikuwepo. Yeye akangoja tu. Akasema la pili, akangoja. Aliporudi ndani aliniuliza, watu hawa wana nini na mimi siku hizi? Nikamwonyesha kwa mkono kwamba waliitikia wote. Tangu siku hiyo hajabariki. Anasema hawezi kumtuma mtu na nusu ya neno. Na ameniapisha nisiwaambie. Anaona aibu. Sasa nimewaambia, mtajua wenyewe la kufanya."

La kufanya halikupatikana. Siku zikapita. Lomayani, kwa huzuni, akarudi kwenye ule ugonjwa wake, akafunga mlango, akaweka kidole kwenye kibonyezo cha mwisho kushoto na kukaa nayo ile sauti, kama wengine wanavyokaa na chupa. Nami nilikuwa nje karibu na benchi nikila muwa.

Babu alikuwa ameegemea ukuta. Niliona mabega yake yakiinuka. Aliweka kiganja juu ya ubao wa benchi, akakiondoa, akakiweka tena taratibu, kama mtu anayepapasa ng'ombe asiyemjua. Halafu akavua viatu vyake vya tairi akakanyaga udongo kwa nyayo.

"Nani huyo?" akauliza, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. "Nani anaitikia?"

Hapakuwa na mkubwa wa kujibu. Kulikuwa na mimi tu, mwenye muwa mdomoni na ukweli wote mkononi. Nikanyoosha kidole kuelekea mlimani.

Babu alitazama mlima. Akanitazama mimi. Akautazama mlima tena, muda mrefu mno, kiganja bado kipo kwenye benchi, na niliona uso wake ukilegea, mkunjo mmoja baada ya mwingine. Midomo yake ilianza kucheza. Alikuwa anasema neno fupi, ananyamaza, anasema lingine. Sauti ya chini haikukatika hata mara moja, na yeye aliendelea, mpaka Lomayani alipochoka akainua kidole. Babu akavaa viatu, akaingia ndani, na kwa mara ya kwanza tangu nipate akili akaomba chai ya pili.

Kesho yake asubuhi alisimama uani akamwita mwanawe, na wote tukatoka.

"Siku ya harusi nitasimama hapa," akasema. "Na lile kabati lenu mlilete, mliweke hapa, karibu na mkono wangu."

Lomayani akaangalia kabati. Koko akaangalia migomba. Babu akawatazama wote wawili.

"Mnadhani mimi mjinga? Mlima hauna nyaya." Kisha akaniangalia mimi, na sikujua kama natakiwa kukimbia. "Lakini mtoto hakudanganya. Alionyesha mahali pa kutazama."

Siku ya harusi jua lilikuwa la kawaida, na mlima ulijifunika mawingu mpaka mabegani. Ingekuwa hadithi ya kubuni ningeufunua, lakini haukujifunua siku nzima. Watu walijaa uani wakiwa na tai na mablanketi, Walutheri wa Machame upande mmoja na wetu upande wa pili, na katikati yao kabati la nguo lenye nyaya, ambalo shangazi wa Anna alilikagua mara kadhaa bila kuuliza kitu. Lomayani na Anna walipiga magoti. Bwana harusi hawezi kuitikia baraka yake mwenyewe, kwa hiyo mtu mwingine alitakiwa kwenye kinanda, na ilionekana kwamba katika ukoo mzima mtu pekee anayejua kile kibonyezo kwa hakika ni yule aliyezoea kukaa chini ya meza.

"Watu wakiitikia, bonyeza," mama akaninong'oneza. "Wakinyamaza, achia. Usiguse penye plasta."

Babu akaweka kiganja kimoja juu ya kabati, kingine juu ya vichwa viwili. Akatema maziwa kidogo kwa baraka. "Mkae," akasema. Watu wakaitikia, Naai, nami nikabonyeza. Niliiona ikimfikia. Ilipanda kwenye mkono wake kama maji kwenye mgomba, akatikisa kichwa kukubali, akasema la pili. Mzae. Naai. Mvua iwajue. Naai. Sauti yake ikaanza kurudi kwenye kimo chake cha zamani, na watu wetu waliokuwa wameikosa sauti hiyo wakaanza kuitikia kwa nguvu zaidi, na Wamachame nao wakashika, hata shangazi, ambaye Kimaa chake chote kilikuwa neno hilo moja alilojifunza dakika ile.

Neno la mwisho lilikuwa, "Msiwe peke yenu kamwe."

Naai, wakasema watu. Nikabonyeza. Na hapo sikuachia.

Mpaka leo siwezi kusema kwamba nilisahau, wala kwamba nilikusudia. Kidole kilikaa. Sauti ilikuwa imeingia kwenye viatu vya watu na kwenye mabati na kwenye trei ya glasi, na niliweza kuona, kama mtu anavyoona rangi, kwamba sote tunatetemeka kitu kimoja, bibi harusi na kuku na mchungaji na mawingu yale yaliyogoma, na kwamba kitu hicho hakikuanzia kwetu. Niliogopa kwamba nikiinua kidole tutaachana. Watu waliishiwa pumzi mmoja mmoja wakanyamaza. Shangazi alikuwa wa mwisho. Sauti iliendelea, kwa kuwa kinanda cha umeme hakina mapafu wala haja ya kupumzika.

Mzee anayebariki hawezi kufunga kabla kuitikia hakujaisha. Babu alisubiri. Akafungua macho akatazama vinywa vya watu, kimoja kimoja, upande wetu na upande wa Machame. Vyote vilikuwa vimefumbwa. Kiganja chake kwenye kabati bado kilitetemeka.

"Nani huyo bado?" akauliza.

Mama aliniangalia kwa macho ya kuchinja, lakini koko akamshika mkono.

"Loishiye?" babu akasema. Lilikuwa jina la baba yake. Akangoja, kiganja mahali pake, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesalimiwa. "Lesikar?" Ndugu yake, ambaye kaburi lake lilikuwa kwenye kahawa. Akangoja tena. "Namnyaki," akasema, na sasa hakuwa anauliza, na koko akajifunika uso kwa kanga, maana huyo alikuwa binti yao aliyekufa kabla sijazaliwa. Aliendelea, majina niliyoyajua na majina ambayo hata Lomayani hakuyajua, ya wazee wa rika lake, taratibu, bila haraka, akimpa kila mmoja muda wake. Mkono wangu ulianza kuuma mpaka begani, nami nisingeuondoa hata kwa fimbo.

Alipofika mwisho akawatazama Lomayani na Anna waliokuwa bado magotini.

"Wapo wote," akawaambia. "Inukeni."

Kisha akageuka upande wangu, akasema kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Inua kidole, mtoto. Waache wapumzike."

Nikainua. Ng'ombe wakaanza kutafuna tena.